Panga la Kulia Zima

Ofisini walimwita Sikio, naye aliitika bila kinyongo, maana kazi yake ilikuwa kusikiliza. Ndege ikianguka, wenzake walivaa viatu vya mpira wakaenda kuokota vyuma. Yeye aliletewa sauti. Aliketi katika chumba kisicho na dirisha, kuta zimebandikwa sponji, hedifoni kichwani, akaandika kila kilichosikika katika saa mbili za mwisho za marubani: neno, kikohozi, kicheko, mlio wa swichi. Sauti hizo hutoka kwenye kile kisanduku ambacho dunia nzima hukiita cheusi ingawa kimepakwa rangi ya machungwa, na mpaka leo hajapatikana mtu wa kueleza nani alianzisha uongo huo.

Safari hii ilikuwa ndege ndogo ya abiria, ile ya mapanga mawili ya kuzunguka, moja kila bawa na injini yake, inayopeleka watu miji midogo asubuhi na kuwarudisha jioni. Ilikuwa na watu arobaini na watano. Ilipaa vizuri, ikapita minara ya simu, kisha injini ya kushoto ikapasuka kwa ndani. Hilo peke yake halikupaswa kuua mtu. Ndege ya namna hiyo inaweza kuruka kwa panga moja. Imejengwa hivyo makusudi, na marubani hufanyishwa mazoezi hayo kila mwaka mpaka yanawachosha. Lakini wachunguzi walipofika kwenye shamba ilikoangukia, walikuta panga la kushoto limeungua, na la kulia, ambalo halikuwa na ugonjwa wowote, limezimwa kwa mkono wa mtu. Watu kumi na wanne walikufa. Rubani mkuu alitolewa hai, nyonga imevunjika. Rubani msaidizi, kijana wa miaka ishirini na saba, alikuwa miongoni mwa wale kumi na wanne.

Swali likawa moja tu: nani alisema la kulia lizimwe?

Marubani hufanya kazi kwa Kiingereza cha vitabu, na kwa saa nzima na dakika hamsini ndivyo wale wawili walivyofanya, ukiacha maongezi yao ya pembeni na kuombana hapa na pale, ambavyo vilikuwa kwa lugha ya nyumbani. Ila mtu akishikwa na hofu hurudi kwenye lugha aliyonyonya nayo. Kengele ya hatari ilipoanza kupiga, rubani mkuu aliuliza, "Nini hiyo?" na msaidizi akamjibu kwa lugha ya mama yake. Mwanzo wa jibu ulimezwa na kengele. Mwisho wake ulisikika safi kabisa:

"...panga la kulia zima."

Hapo ndipo palipokuwa na kizungumkuti. Tunasema yai zima, jicho zima, panga zima, yaani halina kasoro. Tunasema pia zima taa, zima redio, zima panga. Neno ni lile lile, herufi ni zile zile, na hata mdomo unavyofunguka ni vile vile. Kama kijana alikuwa anatoa taarifa, alisema kwamba la kulia halina neno, walitegemee hilo. Kama alikuwa anatoa amri, alisema la kulia lizimwe. Taarifa ilikuwa kweli tupu. Amri ilikuwa kosa lililomaliza watu kumi na wanne.

Rubani mkuu, ambaye kazini kila mtu alimwita Kepteni, aliandikisha maelezo yake akiwa kwenye kitanda cha hospitali, mguu umening'inizwa. Alisema aliambiwa azime, akazima. Hakuna aliyemwona mwongo. Ndivyo masikio yake yalivyopokea. Kampuni yenye ndege iliyadaka maelezo hayo juu kwa juu, na kabla uchunguzi haujafika popote, gazeti likaandika kwa herufi kubwa kuwa rubani msaidizi aliamuru injini nzima izimwe. Marehemu hana mdomo wa kujitetea, na wapo watu wanaolijua hilo vizuri mno.

"Weka mkato, tumalize," alisema Mhandisi, mkuu wa uchunguzi. Alikuwa mtu mwema mwenye jozi mbili za miwani, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kwanza. "Panga la kulia, mkato, zima. Ripoti inatakiwa Ijumaa."

"Mkato haukusikika, Mhandisi."

"Basi usiuweke."

"Nisipouweka, nimeandika kuwa kijana alikuwa sahihi."

"Na ukiuweka?"

"Nimeandika kuwa aliua."

Mhandisi alikuna kichwa, miwani ikamwangukia puani. "Mambo gani haya, dada? Mkato mmoja? Basi andika 'haikueleweka', tuachane nayo."

"Imeeleweka. Imeeleweka mara mbili, hilo ndilo tatizo letu. Nikiandika haikueleweka, yatabaki maelezo ya Kepteni peke yake, na mtoto wa watu atabebeshwa maiti zote."

"Tafuta kitu basi," alisema Mhandisi. "Lakini kiwe kitu cha kushikika. Usiniletee huruma, huruma sina mahali pa kuibandika kwenye ripoti."

Sikio alisikiliza maneno yale manne mara mia, haraka na polepole, mpaka nyumbani mume wake akimwambia azime jiko anaduwaa na mwiko mkononi. Mashine ya kupima sauti ilimchorea milima na mabonde ya kijani, ikamwonyesha kila kitu isipokuwa nia ya mtu. Baada ya maneno yale kulikuwa na sekunde kumi na tisa ambazo aliziandika mara moja, wiki ya kwanza, na tangu hapo hakuthubutu kuzirudia. Aliogopa, na haikuwa aibu kuogopa.

Jumanne akaja mama wa kijana. Utaratibu ulitaka ndugu wa karibu aitambue sauti. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, na mtaani kwao walimwita Mama Sare. Alifika na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Aliisahau, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

"Karibu, mama. Pole kwa safari."

"Nimeshapoa, mwanangu. Hiyo sauti iko wapi? Niisikie niende."

Aliketi, akakataa maji, kisha akasema bila kuulizwa, macho kwenye sponji za ukutani, "Watu wamekuja kuchukua vitambaa vyao. Hawakunitukana, hapana. Wanaingia, wanachukua, wanatoka. Mmoja kachukua sare ya mwanawe ina mkono mmoja, wa pili nilikuwa bado sijaushona. Nikamwambia subiri nimalizie, akasema asante, itatosha hivyo hivyo. Nguo ya mkono mmoja itatosha vipi?"

Sikio alivuta kiti karibu naye. Alimvisha hedifoni, akampigia kipande alichokichagua makusudi, cha kabla ya kupaa, wakati marubani wakisubiri zamu yao uwanjani. Kijana alikuwa anasema: "Mzee, naomba nikusogezee kiti? Leo umekaa kama umeazimwa." Kisha kicheko cha Kepteni, kizito, cha mtu anayempenda anayemtania.

Mama Sare hakulia. Alitabasamu, na tabasamu lile lilimkata Sikio maini kuliko machozi.

"Ndiye," alisema. "Ndiye mwenyewe. Haachi masihara, na haachi adabu." Alivua hedifoni akazishika kwa mikono miwili. "Wanasema aliamuru. Mwanangu mimi aamuru mtu mzima? Yule hata paka wetu akimlalia kitini hamwambii toka. Anamwambia naomba upishe. Tulimcheka sana nyumbani. Niliwalea hivyo wote, lakini yeye alizidi."

Sikio alimsindikiza hadi mlango wa nje, akarudi karibu anakimbia. Mama yule alikuwa amempa kitu cha kushikika pasipo kujua.

Akaanza upya tangu dakika ya kwanza, ndege ikiwa bado kwenye safari iliyotangulia ile ya ajali, ila sasa akiwa na swali moja: huyu kijana, akitaka Kepteni afanye jambo, anasemaje? Aliweka alama kwenye karatasi. Tupunguze mwendo kidogo, mzee. Naomba uniwashie taa ya juu. Ukipenda tugeuze sasa. Tuzime hii ya barafu, mzee, jua limetoka. Mara thelathini na nne kijana alimwomba Kepteni kitu, na mara zote thelathini na nne alikifunga kwenye kitambaa cha adabu: naomba, tufanye, ukipenda, uniwashie. Hata mara moja hakumwambia washa, au funga, au zima. Tena haikuwa kwamba neno la amri hakulijua. Mhudumu wa abiria, msichana wa rika lake, alipochungulia mlangoni, alimwambia, "Lete maji basi, wewe, unatuua na kiu!" Amri alikuwa nazo, ila aliwawekea wenzake.

Kijana asingemwambia mzee wake zima. Angemwambia tuzime. Kwa hiyo zima ile haikuwa amri. Ilikuwa kama ya yai.

Mhandisi aliikagua karatasi ya alama, jozi zote mbili za miwani zikiwa usoni kwa pamoja. "Ni nzuri," alisema. "Nzuri sana. Lakini nakuambia watakachosema kampuni, maana nawajua. Watasema hayo ni ya wakati wa raha. Mtu akikiona kifo husahau adabu."

Sikio aliiweka karatasi kando. Alijua jibu lilipo, na alijua litamgharimu nani. Lakini alikuwa na njia nyingine gani? Alichomoa waya wa hedifoni ili sauti itoke wazi, akampigia zile sekunde kumi na tisa.

Kepteni: "La kulia. Sawa." Mlio wa mtaimbo, kile chuma cha kuzimia injini, ukivutwa. Kisha sauti ya kijana, nyembamba, ya haraka:

"Samahani, mzee."

Kengele.

"Samahani, mzee, nadhani tu..."

"Subiri kidogo, mwanangu," ilisema sauti ya Kepteni, kwa upole, sauti ya mtu aliyebanwa na kazi.

"Mzee, naomba..."

Baada ya hapo ilikuwa ile sauti ya mashine inayoonya kuwa ardhi imekaribia, na haina heshima kwa mtu.

Mhandisi alivua miwani yote, akajipangusa uso kwa kiganja. "Alikiona kifo," alisema hatimaye, "na hakuisahau." Kisha, kwa sauti ya chini, "Andika bila mkato."

"Na hizi sekunde? Mama yake atazisikia."

"Ndizo zinazothibitisha, dada. Bila hizo wanatutupa nje."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Kumsafisha mtoto ilibidi amchome mama. Sikio alirudi mezani akaandika panga la kulia zima, bila mkato, kama anayesaini hati ya mtu kufungwa.

Alhamisi waliitwa kusomewa maandishi kabla ripoti haijatoka. Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu ya plastiki, jagi la maji na feni iliyoegemea upande mmoja. Mama Sare alitangulia. Kepteni akaingia kwa magongo mawili, amekonda, shati la nyumbani badala ya sare, na alipomwona mama yule alisimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Shikamoo, mama," alisema, ingawa umri walikuwa wanakaribiana.

"Marahaba. Pita uketi, usisimamie mguu huo."

Sikio alisoma. Alipofika kwenye maneno yale manne aliyasoma kama taarifa, wazi, na Kepteni akainua kichwa.

"Ngoja. Hivyo sivyo nilivyosikia mimi. Naomba niisikie."

Hakuwahi kuisikia tangu siku ile. Mhandisi akaipiga. Kepteni akaomba irudiwe, ikarudiwa, akaomba tena. Alifumba macho. Kisha Mhandisi akamweleza juu ya zile mara thelathini na nne, kwa utaratibu, bila kumshutumu, na yule mzee akawa anatikisa kichwa kukubali kabla sentensi haijaisha, maana ni yeye aliyeombwa mara hizo zote.

"Asingeniambia zima," alisema. "Kweli. Asingethubutu." Aliyatazama mapaja yake. "Miaka kumi na moja naenda kwenye mashine ya mazoezi. Miaka kumi na moja mwalimu ananiharibia panga, na kila mwaka ni la kulia. Sijui kwa nini, labda ndicho kitufe kilichokuwa karibu naye. Kengele ilipolia mkono wangu ulishajua pa kwenda. Nilisikia kulia, nikasikia zima, nikafanya nilichozoea. Utaratibu unasema nishike mtaimbo, nimwulize, athibitishe, ndipo nivute. Sikumwuliza."

Mama Sare aliiweka mikono kiganja kwa kiganja mezani.

"Kwa hiyo mwanangu hakukosea."

"Hakukosea, mama," alisema Kepteni. "Aliniambia kweli. Mimi ndiye niliyesikia vibaya, nikamsingizia, nikaacha gazeti limle akiwa kaburini. Sijui hata nikuombe msamaha kwa neno gani."

Mama Sare alishusha pumzi ndefu, mabega yakashuka nayo, na kwa kitambo kidogo alionekana kuwa mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Sikio alitamani mambo yaishie hapo. Alianza kuzikunja karatasi taratibu, akiomba moyoni asiulizwe.

"Endelea kusoma, mwanangu. Naona bado kuna ukurasa."

"Mama, yaliyobaki ni machache tu."

"Ni ya kwake?"

"Ni ya kwake."

"Basi soma."

Akasoma. Samahani, mzee. Samahani, mzee, nadhani tu. Subiri kidogo, mwanangu. Mzee, naomba. Kepteni alijifunika uso. Mama Sare alisikiliza akiwa amenyooka, shingo imesimama, na baada ya neno la mwisho alimgeukia Mhandisi.

"Alikuwa ameona kosa?"

"Aliona, mama. Tangu mkono ulipogusa mtaimbo."

"Kulikuwa na nafasi?"

"Sekunde mbili za mwanzo, ndiyo. Kuvuta si mara moja, mkono ungeweza kuzuiwa. Baada ya hapo siwezi kukuapia."

"Angesema nini hizo sekunde mbili?"

Mhandisi alikuwa mtu wa vyuma, na vyuma haviulizi maswali ya namna hiyo. "'Acha', mama. Neno moja tu. Au angempiga mkono."

"Acha," alirudia Mama Sare, kama anayepima kitambaa asichokijua. "Alikuwa na miaka sita. Baba yangu alikuja kututembelea, akamchukulia kigari chake cha bati akiangalie. Mwanangu akamwambia babu yake, acha! Vile vile, mkavu. Nilimchapa. Nilimchapa mbele ya watu mpaka babu mwenyewe akaniomba basi. Nikamwambia neno hilo mtu mkubwa haambiwi. Hakulisema tena."

Feni iligonga, ikazunguka, ikagonga.

"Ripoti yetu haitafuti mwenye kosa, mama," alisema Mhandisi kwa sauti ya kukwaruza. "Inatafuta sababu tu. Tutapendekeza marubani wote wafundishwe—"

"Si ndiyo hiyo nimekupa? Sababu." Alimgeukia Sikio, macho makavu, sauti imenyooka. "Andika, mwanangu. Andika kwamba neno lilikuwepo, mama yake akamnyang'anya. Watu waliofiwa wana haki ya kujua. Shika kalamu."

Sikio, ambaye maisha yake yote kazini alikuwa ameandika alichoambiwa na si zaidi, alishika kalamu. Hakujua afanye nini kingine. Aliandika neno la kwanza.

Kepteni alinyanyuka bila magongo. Uso ulimkunjamana kwa maumivu, akauegemea ukingo wa meza, akanyoosha mkono wake wa kulia na kuukamata ule wa Sikio, kalamu na vyote.

"Acha," alisema.

Sikio akaacha. Mama Sare alimtazama yule mzee aliyekuwa anatetemeka juu ya mguu mmoja, kisha akainamisha kichwa mezani akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.